Meno ya bandia ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe

Wiki hii tuwaache kwanza wenye nyumba na wapangaji wao, tuziache na nyumba ndogo zipumzike, tuingie kinywani. Ndiyo, kinywani. Kuna jambo sisi watu wazima wa mjini tunalifanya kwa siri kama tunaiba kuku wa jirani, na siri hiyo imewatesa wengi bure. Nasema habari ya meno ya bandia.

Utamwona mzee wa heshima zake, suti imenyooka, kiatu kinawaka, yuko harusini. Sahani ya pilau ikifika mbele yake anaanza visingizio. Mara “daktari kanikataza nyama,” mara “nimekula nyumbani kabla sijatoka.” Daktari gani bwana! Nyama anaitamani mpaka jasho linamtoka, ila meno yake yako nyumbani kabatini, ndani ya bilauri, yamelala huko tangu mwaka juzi. Aliyavaa siku nne, yakamuuma, akayastaafisha. Pesa imekwenda, meno yapo, na mtu bado anatafuna kwa fizi.

Mimi ninayo. Juu na chini, seti nzima. Nasema wazi hapa gazetini, mbele ya watani zangu wote wa barazani, maana kuna kitu nimekijua ambacho wengi hawaambiwi mapema. Meno ya bandia si meno. Ni mgeni. Na wahenga walishatuusia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shida yetu ni kwamba siku ya tatu ikifika, badala ya kumpa mgeni jembe, tunamfungia kabatini.

Kibogoyo miezi mitatu

Ugonjwa wa fizi hauna kelele. Unakula taratibu mfupa unaoshika jino, mpaka jino zima, jeupe, lisilo na tundu hata moja, linaanza kucheza kama mlango wa choo cha uani. Leo linacheza moja, kesho mawili. Daktari wa meno alitazama picha ya eksirei, akashusha miwani, akaniambia, “Mzee wangu, haya hayana mwenyewe tena.” Yakatoka kwa awamu, mpaka la mwisho.

Sasa usidhani unang'olewa leo na kesho unavishwa mengine. Wapo wanaovishwa siku hiyo hiyo, lakini hayo huwa ya kushikizia. Kidonda kikipona, fizi inanywea, na kile kipande kinabaki kinaelea kama ngalawa. Mimi niliambiwa nisubiri fizi zitulie. Miezi mitatu, nikawa kibogoyo kamili mwenye cheti. Uji asubuhi, mtori mchana, ndizi za kuponda usiku. Mama Watoto, Mungu ampe afya, akawa ananiponda hata mchicha.

Mdomo nao ukazama. Msomaji, mashavu yetu haya yanashikiliwa na meno kama hema linavyoshikiliwa na nguzo. Ukitoa nguzo, hema linalala. Pale barazani kwenye kahawa rafiki yangu mmoja akanitazama, akasema, “Bwana, mdomo wako umeingia ndani kama mfuko wa mshahara tarehe ishirini na tano.” Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, mkono mdomoni.

Ule mkono mdomoni ndio ugonjwa wenyewe. Unaanza kwa kufunika kicheko. Halafu unapunguza kucheka. Halafu unapunguza kusema, na mwisho hutoki kabisa. Mtu hajafa, hajalazwa, lakini barazani hayupo.

Zamu ya kupimwa ikafika. Si kazi ya siku moja, jiandae kwenda mara nne au tano. Kwanza unawekewa mdomoni chombo kama kijiko kipana kilichojaa kitu laini mfano wa ugali wa mtoto. Kinagandia hapo, kikitolewa kinatoka na sura ya fizi zako. Siku nyingine unang'atishwa nta, wajue taya la juu na la chini yanakutana wapi. Halafu unajaribishwa meno yakiwa bado yamepangwa kwenye nta, unapewa kioo, unaulizwa, unayapenda? Hapo ndipo pa kusema, msomaji! Usione haya. Kama ni marefu, sema. Kama yametokeza kama ya sungura, sema. Ukishakubali, yanarudi kwa fundi wa maabara, ile nta inaondolewa, plastiki ngumu inakaa mahali pake, na hapo hakuna tena “samahani daktari, nilikuwa nafikiri.”

Hata rangi unachagua. Kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja mtu wa Meru. Mnajua kule kuzunguka mlima, maji yanapita kwenye miamba ya volkano na yana floraidi nyingi, hivyo wengi waliokulia kwenye maji yale meno yao yaliota na rangi ya kahawia. Basi yule mzee akawa anabishana na daktari. “Mwanangu, ukinipa meupe kama ya mtangazaji wa tivii, wajukuu watasema babu kabadilishwa hospitali.” Akapewa yaliyofifia kidogo, akatoka anatabasamu. Na mimi nikafuata nyayo zake, nikachagua rangi ya mtu aliyekunywa chai ya maziwa miaka hamsini. Mpaka leo hakuna anayegundua mpaka nimwambie.

Siku mbili za mgeni

Siku ya kuvishwa nilitazama kioo nikaona sura yangu ya zamani imerudi. Mashavu yamejaa, mdomo umesimama. Raha! Ila raha yenyewe ilikuwa ya kioo tu. Ndani hali ilikuwa nyingine kabisa.

Kwanza, mdomo umejaa. Unahisi kama mtu kakuwekea andazi zima halafu akakwambia usilimeze. Pili, mate. Mdomo haujui kuwa hiki ni kifaa, unadhani umeletewa chakula, basi unamwaga mate kama bomba lililokatika. Tatu, kile kipande cha juu kinafunika kaakaa lote mpaka nyuma, na nyuma huko kikigusa, kichefuchefu kinakuja. Daktari aliniambia nivute pumzi kwa pua, nimeze mate polepole, wala nisiyavue kila dakika kumi. Mate hupungua baada ya siku chache, na kichefuchefu nacho huchoka chenyewe.

Ngoja niwape siri ya ufundi wake. Kipande cha juu hakina msumari wala gundi. Kinashikwa na utando mwembamba wa mate, na hewa inayokibana, kama vile vioo viwili vilivyolowana vinavyogandana. Kina uwanja mpana wa kaakaa, kwa hiyo kinatulia. Cha chini maskini hakina uwanja. Kinakaa juu ya ukingo mwembamba wa fizi, kushoto shavu linakisukuma, katikati ulimi unakisukuma, mfano wa mtu anayeendesha baiskeli bila kushika usukani. Wengi wanaoyatupa meno kabatini wameshindwa na cha chini, si cha juu. Dawa yake ni ulimi kufundishwa kazi mpya. Ulimi ukae chini, mbele, umegusa meno kwa ndani, ulinde. Ukirudi nyuma tu, kipande kinaelea.

Chakula nacho kina sheria zake. Ukitafuna upande mmoja kama ulivyozoea, upande wa pili unanyanyuka. Lazima ugawe tonge, nusu kushoto, nusu kulia, utafune pande zote kwa pamoja. Using'ate kwa meno ya mbele. Embe ukilivamia kwa meno ya mbele, wewe utavuta na embe litabaki na meno yako. Likate kwa kisu. Anza na vitu laini, yaani wali uliolainika, samaki aliyetolewa miiba, yai na maharage. Ugali nao mzuri, ila tonge liwe dogo. Karanga na kashata ziache kwanza, chembe moja ikipenya chini ya kipande utaona nyota mchana. Na usijilinganishe na ujana wako. Nguvu ya kung'ata kwa seti nzima ya bandia ni kama robo tu ya meno ya kuzaliwa, au pungufu. Jogoo mzee wa kienyeji hafanyiwi papara.

Na kahawa! Wenzangu wa vikombe vidogo, nisikilizeni. Kaakaa ndilo lililokuwa linakupa taarifa kwamba hii ni moto. Sasa limefunikwa na plastiki. Kahawa inapita kimya kimya, habari unaipata kooni, na hapo umechelewa. Igusishe mdomo wa chini kwanza, ndio umeze.

Siku ya tatu

Siku ya tatu vidonda vikafika. Kimoja kushoto chini, kingine juu mbele. Msomaji, maumivu ya kidonda cha fizi ni madogo kwa kipimo lakini yana dharau. Yanakusubiri umeze mate. Ndipo kishawishi cha kabati kinapokuja. Unasema moyoni, mbona nilipokuwa kibogoyo nilikuwa sina kidonda?

Hapa ndipo pa kumpa mgeni jembe. Kumpa jembe maana yake ni kumrudisha kwa daktari akarekebishwe ili aanze kazi. Vidonda vya mwanzo ni jambo la kawaida. Fizi ni nyama laini, plastiki ni ngumu, na hakuna kipimo kinachopatia kila mahali mara ya kwanza. Daktari anatazama pale palipobanduka, anaweka alama, anasaga kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na maumivu yanakwisha kama yametumwa dukani. Ila sikia ushauri huu: usiende kwake baada ya kuyavua wiki nzima. Kidonda kikishapona haoni pa kusaga. Yavae siku ile ya kwenda, hata kama yanauma, alama iwe mbichi.

Jirani yangu fundi makenika aliona kwenda hospitali ni kupoteza siku. Akachukua tupa ya gereji, akajisagia mwenyewe uani chini ya mwembe. Akasaga panapouma, akasaga na panaposhikilia. Kipande kikawa hakiumi na hakishiki. Wiki iliyofuata akapiga chafya ndani ya daladala la Mbagala, kile cha juu kikaruka kikatua kwenye kikapu cha mama muuza nyanya. Yule mama, mtu mwenye busara, akakitoa kwa kanga, akamwambia, “Baba, shika mali yako.” Daladala zima likaangua kicheko. Fundi akashuka kituo kisicho chake. Baadaye kilipopasuka akataka kukiunga kwa gundi ya viatu, mkewe ndiye aliyemnyang'anya. Gundi zile ni sumu mdomoni, na kipande kilichoungwa vibaya hakirekebishiki tena. Kikivunjika, okota vipande vyote, mpelekee daktari.

Neno fedha

Sasa niwape kisa kilichonifanya nisiyatupe, maana hata mimi si malaika.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa na mchumba Korogwe. Ukoo ulishapanga: posa itapelekwa na mjomba, yaani mimi, kama ilivyo desturi yetu. Mjomba ndiye msemaji. Siku nilipovishwa meno zilikuwa zimebaki wiki sita kamili.

Siku ya tano dada akanipigia simu kujua hali. Nikamjibu. Upande wa pili kimya. Halafu akasema kwa upole ule unaoumiza kuliko tusi, “Kaka, nilikuwa nafikiri, safari hii tumwachie binamu yako aongee. Wewe utakuwepo, utakaa mbele kabisa. Ila aongee yeye.”

Nilielewa. Alikuwa amesikia “shasha dada, she she hatujambo.” Hakuwa na ubaya. Alikuwa anamwogopea mwanawe, kwamba mkeka mzima utacheka na posa itageuka mchezo wa kuigiza. Lakini mimi niliketi kitandani nikajiona nimeshavuliwa ujomba. Miaka yote nimesemea ukoo kwenye misiba, kwenye ndoa, kwenye kesi za mashamba. Leo nikae mbele kama picha ukutani?

Nikamwambia, “Dada, nipe wiki nne. Wiki ya nne nipigie tena. Kama bado napiga filimbi, mpe binamu.”

Mama Watoto akaigeuza sebule kuwa darasa. Kila alfajiri, kabla ya watu kuamka, naketi na gazeti nasoma kwa sauti, yeye anasikiliza huku anachambua mchele. Tukagundua sauti zote si sawa. A, e, i, o, u hazina taabu. M na b ni rahisi. Kasheshe iko kwenye s, z, sh, f, v, th na dh. F na v zinataka mdomo wa chini uguse meno ya juu, na meno hayo sasa yako mahali papya. S inataka upenyo mdogo wa hewa, ukiwa mkubwa unapiga filimbi. Th na dh zinataka ulimi upite katikati ya meno, na ukipita kwa nguvu unakisukuma kipande nje. Sasa angalieni bahati yangu. Neno analolihitaji msema posa kuliko yote ni lipi? Fedha! F mbele, dh nyuma. Mitego miwili ndani ya neno moja. Nililisema neno fedha mara nyingi mwezi ule kuliko waziri wake.

Siri ni kupunguza mwendo. Ukiharakisha, meno yanabaki nyuma ya maneno. Sema taratibu, meza mate kabla ya sentensi ndefu, ng'ata kidogo kipande kirudi mahali pake, ndipo uendelee. Mama Watoto akanitia moyo: “Mbona hivi ndivyo wanavyosema watu wakubwa? Polepole, kwa vituo.” Na kweli. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Na katika kusoma soma kwangu nikakuta sikuwa peke yangu. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kuzaliwa. Watu husema alivaa meno ya mbao, si kweli. Seti zake zilitengenezwa kwa jino la kiboko, mnyama yuleyule aliyejaa mto wetu wa Rufiji, pamoja na meno ya watu na vyuma vya springi. Alipoapishwa mara ya pili mwaka 1793 hotuba yake ilikuwa na maneno 135 tu, fupi kuliko zote za kuapishwa kwa marais wa nchi ile. Sisemi sababu ni meno. Ila mimi niliyevaa namhurumia.

Winston Churchill wa Uingereza naye, yule aliyewatia watu moyo redioni wakati wa Vita Kuu ya Pili, alisema hotuba zake akiwa na meno ya bandia mdomoni. Yake yalitengenezwa makusudi yasibane sana, ili kile kithembe chake watu walichokizoea kisipotee. Seti moja iliuzwa kwenye mnada mwaka 2010 kwa pauni 15,200. Meno ya mtu, jamani! Nikamwambia Mama Watoto ayatunze yangu vizuri, hujui soko la kesho.

Wiki ya nne dada akapiga. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za shamba, za watoto, za mifugo, nikamwekea na fedha ndani yake mara tatu. Akanyamaza kidogo, akasema, “Basi kaka, binamu atabeba begi.”

Korogwe tulipokelewa vizuri. Nikasema salamu za ukoo, nikataja jina la kijana na la baba yake, nikaweka barua mbele ya wazee. Tukaulizwa ya kifungua mlango, tukajibu. Ilipofika mahari nikameza mate, nikang'ata kidogo, nikasema, “Wazee wangu, fedha hazinunui mtu, ila zinabeba heshima.” Neno likatoka safi kama kengele. Nikamwona dada kwenye mlango wa ndani anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kikaja chakula. Pilau na kuku wa kienyeji, na kuku mwenyewe alishaona masika mengi. Kukataa ni tusi. Nikamchambua vipande vidogo vidogo, nusu kushoto, nusu kulia, taratibu. Msemaji wa upande wao, mzee wa kanzu nyeupe, akawa ananitazama mkono wangu. Mwisho akainama sikioni, akaninong'oneza, “Shemeji, yako ni ya juu tu, au na chini?”

Nikamjibu, “Na chini.”

Akanishika mkono kwa nguvu. “Basi wewe mwanamume. Mimi cha chini kilinishinda, kiko kabatini mwaka wa tatu.”

Tulipoagana nilimweleza habari ya ulimi na usukani wa baiskeli. Tangu hapo tunapigiana simu, na mazungumzo yetu si ya mahari tena, ni ya fizi. Juzi ameniambia kakirudisha kwa daktari, kimetiwa plastiki mpya kwa ndani, na sasa anakivaa mchana kutwa.

Matunzo yake

Mzee yule na mimi tuko wengi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inasema kati ya watu wenye miaka 60 na zaidi duniani, asilimia 23 hawana jino hata moja. Karibu mmoja kwa kila wanne. Kwa hiyo kwenye mkeka wowote wa wazee, usijidhanie uko peke yako.

Basi yashike haya machache. Usiku yavue, fizi zipumue. Wataalamu wa Japani walichapisha mwaka 2015 utafiti waliowafuatilia wazee zaidi ya 500, wengi wa miaka zaidi ya 80, wakakuta wanaolala na meno ya bandia wanapata homa ya mapafu kiasi cha mara mbili kuliko wanaoyavua. Ukishayavua yaweke kwenye maji ya kawaida. Yakikauka yanaweza kupinda, na maji ya moto ndiyo kabisa, yanakunja plastiki na hayarudi tena.

Yasugue kila siku kwa brashi laini na sabuni ya kuogea. Dawa ya meno ya kawaida ina chembe zinazokwaruza, na kwenye mikwaruzo ndipo uchafu unapojificha. Ukiyaosha, weka beseni lenye maji au taulo chini, yakikuponyoka yasikutane na sakafu. Fizi na ulimi navyo vipige brashi laini. Kaakaa likiwa jekundu na linawaka, huenda ni fangasi, nenda ukatibiwe. Kidonda kisichopona baada ya wiki mbili usikizoee, kikaonyeshe, mdomoni kuna maradhi makubwa yanayoanza kidogo.

Na jueni kwamba mfupa wa taya usio na meno unaendelea kunywea mwaka hadi mwaka, kasi yake ikiwa kubwa zaidi mwaka wa kwanza. Kwa hiyo meno yaliyokubana mwaka huu yatalegea huko mbele. Si kwamba yameharibika, ni wewe umebadilika. Kuna gundi maalumu ya meno ya bandia, inasaidia kidogo, lakini ukiona unamaliza tyubu kila wiki, ujue ni muda wa kwenda kutiwa plastiki mpya ndani au kutengeneza seti nyingine. Na uende kwa daktari wa meno aliyesajiliwa, si kwa fundi wa kichochoroni anayebandika meno kwenye kibaraza cha saluni.

Mwisho kabisa, nyie vijana mnaoishi na wazee. Ukimwona baba hali nyama, mama hacheki, babu hatoki barazani, usikimbilie kusema ni uzee. Fungua kabati kwa heshima. Ukiikuta bilauri, usimcheke. Mwambie, “Baba, kesho nitakusindikiza hospitali.” Sentensi moja hiyo, haina hata gharama ya soda.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia miwani ya kusomea na wanaume wanaosoma menyu kwa kunyoosha mkono. Kwa leo naishia hapa. Chekeni, lakini mkipiga chafya mzibe mdomo.